Mama Stoo na Diski ya Inchi Tisa

Kwenye saiti yetu ya ujenzi, Area D mjini Dodoma, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Stoo kwa wahandisi, kwa mafundi, kwa vibarua, hata kwa yule mama aliyetuletea uji saa nne. Nilifanya naye kazi miaka minne na mchana tulikula pamoja karibu kila siku, lakini juu ya ukoo wake na utoto wake sina la kuandika. Ninachokijua ni namna alivyolilinda dirisha lake. Na ninakijua nilichomtendea.

Stoo ilikuwa kontena la chuma lililokatwa dirisha ubavuni. Jua lilipolipiga mpaka adhuhuri, ndani palikuwa kama tanuri la kuokea mikate, ila mlango hakuuacha wazi hata siku moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge juu ya gauni, funguo zikining'inia kwenye kamba kiunoni. Nyuma yake kulikuwa na kabati la chuma lenye diski za grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia vyuma: za kukata upande huu na za kusawazishia upande ule, kila saizi na rafu yake.

"Shikamoo, mama. Naomba diski ya kukata."

"Marahaba, baba. Leta mashine."

Hakutoa diski kwa mtu aliyekuja mikono mitupu. Uliibeba grenda yako mpaka dirishani, ukaiweka juu ya ubao, naye akaipapasa kama anayekagua mbuzi mnadani. Kwanza kava, lile bati la nusu duara linalofunika diski upande wa mtumiaji. Kisha mshikio wa pembeni, kwa sababu grenda hushikwa kwa mikono miwili. Kisha waya, toka kwenye plagi mpaka kwenye mashine, akitafuta palipochubuka. Akiridhika, aliinua uso.

"Miwani iko wapi?"

"Iko mfukoni, mama."

"Mfuko wako una macho? Vaa nikuone."

Ulivaa. Ndipo ulipopewa.

Alikuja fundi mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu wa maneno mengi na ovaroli safi. Grenda yake haikuwa na kava. Alisema linamzuia kuona mstari. Mama Stoo akamwambia akalete kava.

"Mama," akasema yule fundi, akitugeukia ili tucheke naye, "mimi nimeshika grenda kabla wewe hujajua stoo ni nini."

"Hongera, baba. Kava liko wapi?"

Alitukana, akaenda kwa msimamizi, akarudi. Mwishowe alizama kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya choo, akatoka nusu saa baadaye ametota jasho na kava lenye kutu mkononi. Mama Stoo alimpa diski na maji ya kunywa, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Ila hakuwa mpole pia, nisije nikamfanya malaika. Nilimwona akimsema kibarua mzima, mwenye ndevu, kwa sababu alikaza diski mashine ikiwa bado kwenye umeme, mpaka yule bwana akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Glavu ikikatika nitakupa nyingine," alimwambia. "Kidole sina humu ndani. Angalia mwenyewe kwenye rafu."

Mama huyu aliyejua grenda kiasi hicho hakuwahi kuiwasha. Aliogopa mlio wake. Tukianza kukata nondo karibu na kontena, alijaza pamba masikioni na kuimba pambio za kanisani kwao kwa sauti ya chini. Alichojua alikipata kwa kutazama. Aliwahi kufagia karakana moja mjini kwa miaka mingi, na huko alimwona fundi akipoteza jicho kwa sababu miwani ilikuwa hatua kumi tu kutoka alipokuwa amesimama, naye aliona uvivu kuifuata. Hilo alinisimulia mara moja, tukila ugali na mlenda, halafu akabadilisha mazungumzo.

Jioni, mwanamke huyohuyo aliyetukagua kama watoto wa shule alipanda bodaboda ya kurudi chumbani kwake bila kofia ngumu. Nilipomtania, alisema inambana kichwa. Tena alikuwa mwongo. Ikifika saa kumi na nusu, watu wakitaka kumalizia kazi kwa papara ili waondoke, alitangaza kuwa diski zimekwisha. Kabati limejaa, naye amekaa mbele yake, anasema zimekwisha, uso mkavu. "Saa hizi ndiyo saa za kuumia," aliniambia. "Mungu atanisamehe." Msimamizi aliujua mchezo huo na ulimchukiza sana.

Mimi alinifundisha zaidi ya wote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilitoka mbali kidogo, Kolo, na sikuwa na mtu mjini. Alinifundisha kuchomoa plagi kabla ya kugusa diski. Alinifundisha kuiacha mashine izunguke kwanza bila kukata kitu, nikiwa nimeelekeza uso pembeni, kwa sababu diski mbovu hujitangaza mapema. "Usisimame njiani kwake," alisema. "Simama ubavuni. Na usiisukume. Ikate kwa uzito wake." Diski iliyowahi kudondoka, hata kama haionyeshi ufa, aliivunja mbele yetu ili mtu asijaribiwe kuiokota.

Siku moja nilikuwa nakata bomba lililoegemezwa vibaya. Bomba likalalia mahali nilipokuwa nimekata, likaibana diski, na mashine ikaniruka kama nguruwe pori aliyekanyagwa. Diski ilipasuka na vipande vyake vikachanja kava mpaka bati likapinda. Upande wa pili wa bati hilo kulikuwa na mkono wangu wa kushoto. Nilimpelekea lile kava dirishani. Alipitisha kidole kwenye ule mchano, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akaniambia nikae kivulini, na siku ile hakunipa diski nyingine.

Kupitisha kidole. Hapo ndipo nilipopaswa kuelewa mapema zaidi. Kila diski ina kipete cha chuma katikati, na juu ya kipete mna tarehe ndogo ya mwisho wa kutumika. Mwaka wa pili wa kufanya kazi naye alianza kuniita.

"Baba, hebu nisomee hiki kichuma. Kuna vumbi leo."

Dodoma vumbi halikosekani, kwa hiyo nilisoma. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mwishowe nilimtazama vizuri, nikaona ule ukungu mweupe katikati ya macho yake. Mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa baya zaidi. Alijua kwamba nimejua.

"Usiseme," akaniambia.

"Lakini mama, wanafanya upasuaji. Ni jambo dogo siku hizi."

"Nimeomba likizo mara mbili, nimeambiwa nisubiri jengo lifike juu. Nikisema sababu, watanitoa. Na atakayekaa hapa atawapa tu, baba. Atawapa tu kila mnachoomba."

Sikusema. Kila asubuhi kabla ya watu kufika nilimsomea tarehe, naye alizishika kichwani zote, rafu kwa rafu, na sikumwona akikosea.

Yohana alikuwa fundi wa grenda kama mimi, kijana wa Zuzu, kijijini kwao Mama Stoo. Mama yake Yohana na Mama Stoo walikuwa majirani waliolima mashamba yanayopakana, na ni huyo mama aliyemwomba jirani yake amtafutie mwanawe kazi. Kwa hiyo Yohana alikaguliwa maradufu. Wengine walivaa miwani dirishani. Yeye aliambiwa afunge na vifungo vya mikono ya shati, achomekee kamba za viatu. Alifanya yote akicheka. "Huyu ni mama yangu wa mjini," alituambia.

Siku ile ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi magari ya zege yangefika, na kulikuwa na mabomba mazito ya chuma yaliyochomoza ambayo lazima yakatwe kabla ya kumwaga. Kazi hiyo ni ya grenda kubwa. Grenda kubwa ilikuwa imeungua koili tangu Jumatano, imepelekwa kwa fundi. Zilizobaki ni ndogo, za inchi nne na nusu.

Msimamizi wetu hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu kila baada ya dakika kumi. Alikuja dirishani nikiwa nimesimama pale na mashine yangu, Yohana akiwa nyuma yangu.

"Mama, toa diski ya inchi tisa."

"Ya mashine gani, mkuu?"

"Mashine ipo."

"Kubwa imeungua. Hizi ndogo zina mbio, diski kubwa haihimili mbio hizo. Imeandikwa palepale kwenye diski. Na kava halitaenea, mtalitoa."

"Watu wanafanya kila siku mjini hapa."

"Wafanye. Hapa stoo haitoki."

Alimwambia zege linakuja kesho saa moja asubuhi. Akamwambia kuna watu mia na zaidi wanaoitaka kazi yake. Mama Stoo akatikisa kichwa tu. Basi msimamizi akazunguka mlangoni, akaingia ndani, akaishika ile kamba ya funguo kiunoni mwa Mama Stoo na kuivuta. Kamba ilikatika. Mama Stoo hakupiga kelele. Alinigeukia mimi pale dirishani, akayatafuta macho yangu kwa macho yake yale.

"Baba, unaona?"

Nikatazama chini.

Msimamizi alifungua kabati, akatoka na diski mkononi, akaninyooshea mimi kwanza. Nataka hili lieleweke. Alininyooshea mimi. Nilijua kila kitu kuhusu diski ile. Nilifundishwa na mwanamke aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kusema hapana. Badala yake nikasema, "Mkuu, swichi ya mashine yangu inakwama."

Swichi haikuwa na kasoro yoyote.

"Lete, mkuu," akasema Yohana. "Ni mabomba mangapi?"

Mama Stoo alitoka nje ya kontena akaliacha wazi nyuma yake. Alimfuata Yohana kwenye mchanga, akikwaruza miguu kama mtu asiyeona vizuri anapokanyaga. "Yohana, weka chini! Yohana, mwanangu, weka chini!" Lakini kava lilikuwa limeshatolewa na mashine imeshawashwa, na kile alichoogopa siku zote, ule mlio, uliifunika sauti yake. Yohana alikuwa amevaa miwani. Alikuwa amefunga vifungo. Aliigusisha diski kwenye bomba, na nikasikia mpasuko mmoja mfupi, mkavu. Kipande kilimpata shingoni, chini ya taya.

Ni Mama Stoo aliyemfikia kwanza. Alivua kitenge, akakikunja, akakandamiza kwa viganja vyote viwili, na hakuviachia tulipompakia kwenye pikapu wala njia nzima. Mimi nilishika miguu ya Yohana. Alifariki kabla hatujafika kwenye geti la hospitali. Ilibidi wahudumu waibandue ile mikono ya mama kidole kimoja kimoja.

Jumatatu kampuni ilikaa kikao ndani ya ofisi ya mabati. Msimamizi alieleza kwamba Mama Stoo ndiye aliyetoa diski, kwa kukosea, akidhani ni ndogo. Mama Stoo akaeleza ilivyokuwa: ombi, kukataa, kamba. Msimamizi akasema hajawahi kuigusa kamba ya mtu. Neno la msimamizi dhidi ya neno la mama. Mhandisi aliyekuwa mkuu wa kikao akanigeukia.

"Wewe ulikuwa dirishani. Ni kweli huyu mama hawezi kusoma maandishi ya kwenye diski?"

Sijui nani alikuwa amewaambia. Sikuwa mimi, nalo hilo halinisaidii chochote.

"Ni kweli," nikasema.

"Nani huwa anamsomea?"

"Mimi."

"Siku ile ulimsomea hiyo diski?"

"Hapana."

Yote yalikuwa kweli. Hakuna neno la uongo nililolitamka katika kikao kile. Mhandisi akaandika. Alipokuwa anaandika, Mama Stoo alisema kwa upole, kama anayemhimiza mtoto anayesoma somo kanisani:

"Malizia, baba."

Nilikuwa na mke Kolo aliyejifungua mwezi huo. Msimamizi alikuwa amekaa mkabala nami, magoti yake yakikaribia kugusa yangu. Nikasema, "Ni hivyo tu."

Alifukuzwa siku ileile. Habari iliyofika Zuzu, kwenye matanga ambayo yalikuwa hayajaanuliwa, ni kwamba jirani aliyemchukua Yohana kwenda mjini ndiye aliyempa diski iliyomuua, kwa kuwa ni kipofu na alilificha hilo.

Mimi nilipewa stoo.

Nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki. Wiki mbili za kwanza nilidai mashine ziletwe dirishani, nikadai miwani, nikadai kava. Mafundi walinitazama namna fulani. Nadhani walinionea huruma. Wiki ya tatu msimamizi alinipigia simu kuhusu diski fulani, na nikatoa. Baada ya hapo nilitoa kila nilichoombwa. Nikawa silali, siwezi kula nyama. Nilivumilia miezi saba. Nikaacha kazi, nikahamia kwenye kubeba mizigo sokoni, ambako hakuna mashine.

Miaka miwili ilipita. Siku moja nilimpakilia gunia bwana mmoja wa Zuzu, nikamuuliza habari za Mama Stoo, nikijifanya namuulizia kwa mbali. Alisema yupo. Upasuaji haukufanyika. Kanisani hakanyagi, kwa sababu siku aliyokwenda, benchi zima lilihama. Maji anachota saa ambayo wenzake wameshaondoka bombani. Mama yake Yohana hajamtamkia neno tangu mazishi, na nyumba zao zinatazamana.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta ameegemea ukuta wa nyumba yake, akimenya karanga kwa kupapasa, ungo mapajani. Alikuwa amekonda mpaka gauni lilionekana limetundikwa.

"Shikamoo, mama."

Vidole vilisimama. Hakuuliza ni nani.

"Marahaba, baba. Umekuja."

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi, nikaanza. Nilimwambia juu ya kamba, kwamba niliona. Nikamwambia juu ya swichi. Nikamwambia juu ya kikao na aliponiambia nimalizie. Nililia, na nilipokuwa nalia nilijisikia nafuu, na ile nafuu ilinitia aibu. Alisikiliza huku akiendelea kumenya. Nilipomaliza alipuliza maganda kwenye ungo.

"Hayo nayajua," akasema. "Nilikuwepo."

"Nisamehe, mama."

"Asiyeyajua ni mama yake Yohana." Aliweka ungo chini, akanyoosha mkono hewani mpaka nikaelewa kwamba anataka nimpe kiwiko. "Twende."

"Sasa hivi, mama?"

"Kwani ulikuja kunisalimia?"

Zilikuwa hatua thelathini hivi, na sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Mama yake Yohana alikuwa uani akianika ufuta kwenye turubai. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na Yohana alikuwa na uso wake. Nilimwamkia, akaitikia. Mama Stoo alimsalimia pia, akamwita "mwenzangu", lakini hakujibiwa. Aliachia kiwiko changu, akapapasa mpaka akaipata nguzo ya ua, akasimama hapo. Mimi mgeni nililetewa kigoda, nikawekewa kivulini.

Nilimwambia kwamba nilikuwa na mwanawe siku ile. Nilimwambia aliyelifungua kabati ni nani, na kwa nguvu ipi. Nilimwambia jirani yake alikataa, kwamba alimkimbilia Yohana mchangani akimwita mwanangu, kwamba ndiye aliyeikandamiza shingo yake mpaka mwisho. Hapo ningeweza kukoma. Nikamwambia pia diski ilinyooshewa nani kwanza, na nilijibu nini.

Hakulia. Alikuwa ameshika konzi ya ufuta na punje zilikuwa zikimdondoka katikati ya vidole.

"Hiyo swichi," akauliza, "ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu, mama."

Alinitazama kwa muda mrefu. Bila shaka alikuwa akinipima umri, urefu, mabega; akitazama mwili uliokuwa umekaa mbele yake ukipumua.

"Nyanyuka," akasema.

Nikanyanyuka. Nilidhani ananifukuza, au atanipiga, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Aliinama akakichukua kigoda nilichokuwa nimekikalia, akakifuta kwa pindo la khanga, akakisogeza ndani zaidi ya kivuli, karibu na ukuta. Kisha akaenda kwenye nguzo ya ua, akambandua Mama Stoo mkono pale alipokuwa ameung'ang'ania, akamwongoza hatua kwa hatua, akamkalisha. Yeye mwenyewe akaketi chini, miguu ameinyoosha, bega lake likigusa goti la mwenzake.

Mimi nilibaki juani. Hakuna aliyeniambia nikae.